Sura ya Sita: Damu ya Korogwe, Kumbukumbu za Handeni

Damu inayopimwa malaria hupakwa kwenye kioo mara mbili: tone nene upande mmoja, tone jembamba upande wa pili. Likishakauka, lile tone nene hutiwa rangi ya Giemsa, husuuzwa taratibu lisibanduke, kisha huwekwa chini ya hadubini. Msomaji huhesabu vimelea vya malaria huku mkono wa pili ukihesabu seli nyeupe, mpaka seli nyeupe zitimie 200. Idadi ya vimelea aliyoipata huizidisha kwa 40, maana inakadiriwa kuwa maikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000. Kioo hichohicho hupewa msomaji wa pili, ambaye haonyeshwi jibu la mwenzake. Wakipishana sana, anaitwa wa tatu.

Naanzia kwenye kioo kwa sababu ndiko zinakoanzia shahada za uzamivu zilizotoka Korogwe. Abiria wengi wa mabasi ya Moshi na Arusha wanaujua mji huu kwa dakika chache za kuchimba dawa, na kwa mkonge unaoonekana dirishani mistari kwa mistari. Lakini Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake hapa, katika mji huu wa Hospitali ya Magunga. Ilishirikiana na hospitali ya KCMC ya Moshi, Chuo Kikuu cha Copenhagen na chuo cha London cha afya na magonjwa ya ukanda wa joto katika mpango wa pamoja wa utafiti wa malaria. Mwaka 2008 jarida la New England la tiba lilichapisha matokeo ya chanjo ya RTS,S kwa watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya. Chanjo ilikuwa imepunguza homa za malaria kwa asilimia 53. Jina la pili katika orodha ya waandishi wa makala ile lilikuwa la John Lusingu, mtafiti wa NIMR aliyeiongoza kazi ya Korogwe. Korogwe ikaingia pia katika jaribio kubwa la mwisho, lililoanza mwaka 2009 na kuchukua watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Wasomaji wengi wa habari hizi huishia kwenye chanjo. Mimi naomba tubaki kwenye kituo chenyewe, kwa sababu ndicho kinachotufundisha jinsi daktari wa falsafa anavyopatikana katika nchi maskini.

Mwanafunzi wa uzamivu huwa na maswali mengi, lakini swali peke yake halimfikishi mbali. Anahitaji jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta inayowaka yenyewe umeme wa gridi ukikatika saa nane usiku. Anahitaji dereva anayejua njia ipi haipitiki masika, na muuguzi ambaye mama wa kijijini akimwona anamkabidhi mtoto bila wasiwasi. Anahitaji daftari la miaka iliyopita linaloonyesha mtoto fulani aliugua lini na mara ngapi. Anahitaji, kuliko vyote, watu wa kubishana nao wakati wa chai. Mwanafunzi anayeanza peke yake, na barua ya udahili na laptopu, atamaliza miaka mitatu akiwa bado anajenga hivyo vitu. Aliyeanzia Korogwe katika miaka ile alivikuta vimesimama. Huu, kwa maoni yangu, ndio upungufu wetu mkubwa katika elimu ya uzamivu, na mjadala wa kitaifa unaupita kila mara kwa kuhesabu wahitimu. Tunadahili wanafunzi mmoja mmoja na kuwatawanya, badala ya kujenga kwanza nyumba ya kazi ambamo watafanyia utafiti.

Ila nyumba ile ilikuwa na mlango wa pili uliofungukia Ulaya. Watafiti kadhaa wa Kitanzania waliokusanya damu, kusoma vioo na kuchambua takwimu za Korogwe walisajiliwa Copenhagen. Utaratibu huu, nusu huku nusu kule, umekuwepo nchini muda mrefu. Sweden iliutumia kusomesha wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1970. Mwanafunzi hukaa miezi kadhaa ng'ambo kwa masomo na maabara, halafu hurudi nyumbani kufanya utafiti wake. Faida yake ni kubwa, na anayeidharau hajui hali ya mtu aliyeondoka moja kwa moja kwa miaka mitano na kurudi akiwa mgeni kazini kwake. Familia haivunjiki. Kazi haiachwi. Swali linabaki kuwa la hapa.

Gharama yake haionekani haraka. Cheti kina muhuri wa Copenhagen, kwa hiyo hesabu ya mafanikio inaingia kwenye vitabu vya Copenhagen. Watahini wanateuliwa huko. Ujuzi wa kusimamia mwanafunzi, kujua lini umkaripie na lini umwache, unakomaa huko. Chuo cha nyumbani kinapata mhitimu, lakini hakijifunzi kutoa mhitimu. Na pesa za kigeni zina namna ya kuchagua maswali. Malaria ina wafadhili wengi. Kichocho na matende vina wachache. Njaa ya Handeni katika mwaka wa mvua haba haina jarida kubwa linaloingoja.

Ndiyo maana kuna hatua moja ya mwaka 2008 ninayoiona ya busara kuliko sera nyingi nilizosoma. Mpango wa awali, uliolipiwa na wakfu wa Gates na kuendeshwa kutoka London, ulikuwa umesomesha Waafrika kadhaa uzamivu wa malaria. Ulipokwisha, uliofuata, wa kujenga uwezo wa utafiti wa malaria, ukageuza utaratibu: wanafunzi wasajiliwe kwenye vyuo vya Afrika, yaani Makerere, Kumasi, Dakar, Malawi na chuo cha tiba cha KCMC pale Moshi, na wasimamizi wa Ulaya wawe wasaidizi. Kwa maneno ni badiliko dogo. Kwa vitendo liliulazimisha uongozi wa vyuo hivyo kujibu maswali ambayo London ilikuwa ikiwajibia. Nani anapitisha pendekezo la utafiti, na ndani ya siku ngapi? Mwanafunzi akikosana na msimamizi anakwenda kwa nani? Nani anamlipia mtahini wa nje nauli? Chuo kisichowahi kujibu maswali hayo hakijaanza kutoa uzamivu, hata kama kina vitivo kumi.

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, ukivuka kutoka nchi ya mto na mkonge kuingia nchi ya miombo, mahindi na mashaka ya mvua. Tasnifu za hapa ni za aina nyingine. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, kilimtunuku Mmarekani James Giblin uzamivu wa historia kwa tasnifu kuhusu njaa, mamlaka na mtaji wa kigeni katika Wilaya ya Handeni, kuanzia 1840 hadi 1940. Mwaka 1992 kazi hiyo ikatoka kama kitabu huko Philadelphia. Hoja yake ilinitikisa nilipoisoma. Watu wa Uzigua, anasema, hawakuishi na mbung'o na kupe kwa kudra. Walilidhibiti pori kwa kufyeka, kulima na kulisha mifugo kwa mpango, na hayo yaliwezekana kwa sababu palikuwa na wakubwa wenye akiba ya chakula waliowajibika kwa waliowategemea. Ukoloni ulipowanyang'anya wakubwa hao uwezo, na vibarua wakavutwa mashambani, mwaka mbaya mmoja ukawa njaa. Watu wakahama, pori likarudi, mbung'o wakarudi na pori, na ng'ombe wakaisha.

Huo ni ujuzi wa thamani kwa yeyote anayepanga maendeleo ya Handeni leo. Ulitokana na vinywa vya wazee wa Handeni. Nilipoanza utafiti wangu mwenyewe katika wilaya hiyo, kila ofisa niliyemuuliza kuhusu kitabu hicho hakuwa amewahi kukiona.

Simlaumu Giblin. Kinyume chake, alirudi mara nyingi, na mwaka 1996 alihariri pamoja na Gregory Maddox na Profesa Isaria Kimambo kitabu kikubwa juu ya mazingira na utamaduni katika historia ya Tanzania. Na Kimambo mwenyewe ni mfano unaostahili kutafakariwa. Mpare huyu, kutoka milima ile ile inayoonekana ukipanda kutoka Mombo kwenda Same, alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kwa historia ya siasa ya Wapare. Akarudi Dar es Salaam. Alifundisha, akasimamia, akawa kiongozi wa chuo, na waliopita mikononi mwake wakawa walimu wa walimu. Mtu mmoja aliyerudi na kukaa alifanya kazi ambayo misaada kumi ya miaka mitatu mitatu haiwezi. Lakini alirudi wakati ambao chuo kilikuwa na nafasi ya kumpokea, mshahara uliotosha, na wenzake wa kubishana nao.

Nafasi hiyo iliharibiwa baadaye, na tusikwepe kusema namna ilivyoharibiwa. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilizishauri nchi za Afrika zielekeze fedha kwenye shule za msingi, kwa hesabu kwamba chuo kikuu hakilipi vya kutosha. Tanzania ilipoingia kwenye marekebisho ya uchumi mwaka 1986, ushauri ukawa sharti. Miaka ya 1990 ajira serikalini zikabanwa, na vyuo vikuu vya umma vikakaa miaka bila damu mpya. Waliosomeshwa miaka ya 1970 walizeeka pamoja na wakastaafu pamoja. Chini yao palikuwa na pengo, na chini ya pengo palikuwa na vijana wenye uzamili. Halafu, katika miaka ya 2000, vyuo vikaongezeka kwa kasi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliundwa mwaka 2005 ikiwa na kazi ya kulinda ubora wa vyuo vilivyokuwa vinachipuka kila upande. Kwa kanuni zetu mwenye uzamili anabaki mhadhiri msaidizi mpaka apate uzamivu. Kanuni ni sahihi. Lakini atasimamiwa na nani?

Swali hili nimeliishi. Sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamivu ilikaa kwa msimamizi wangu miezi saba. Kila nilipopita ofisini kwake nilikuta foleni ya wanafunzi mlangoni, na mezani rundo la karatasi za mitihani ya darasa la watu mia kadhaa. Aliniambia siku moja, bila kuinua macho, "Mwanangu, nivumilie, nina wanane kama wewe." Nilipotoka nje nilikaa kwenye benchi la korido muda mrefu. Hasira ilikuwa imeniisha. Nilikuwa nawaza kwamba nikimaliza mimi, nitakalia kiti kile kile, mbele ya rundo lile lile.

Wenzetu wa Kenya walijaribu njia ya amri. Mwaka 2014 tume yao ya elimu ya vyuo vikuu ilitoa miaka mitano kila mhadhiri awe na uzamivu. Mwaka 2019 ukafika, na wengi hawakuwa nao, kwa sababu amri haizai wasimamizi. Hatari ya amri kama hiyo ni kubwa kuliko kushindwa kwake: inawapa watu sababu ya kutafuta shahada popote na kwa namna yoyote, tasnifu za kuandikiwa zikiwemo. Kwetu, mwaka 2021 Benki ya Dunia, ile ile ya ushauri wa miaka ya 1980, iliidhinisha mradi wa HEET wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu. Unajenga majengo na kampasi mikoani, ikiwemo ya Chuo Kikuu Mzumbe huko Mkinga, mkoani Tanga, na unasomesha wahadhiri uzamili na uzamivu. Naupokea kwa mikono miwili. Hofu yangu ni kwamba ripoti zake zitahesabu maabara na watu waliopelekwa masomoni, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyohesabika kirahisi. Mwalimu mwenye wanafunzi wanane akipunguziwa wawe wanne, na vipindi vyake vya darasani vikipunguzwa kwa kila anayemsimamia, hakuna utepe wa kukata. Lakini hapo ndipo miezi saba inapogeuka wiki tatu.

Niseme pia juu ya pesa ya utafiti wenyewe. Ufadhili mwingi hulipa ada na posho ya kujikimu, kisha husahau gari. Handeni vijiji viko mbali, na bodaboda ya kwenda na kurudi kwa wiki nzima inakula posho ya mwezi. Nimewaona wanafunzi wakibadilisha swali la utafiti ili litoshee nauli: aliyekusudia vijiji kumi anachukua viwili vya barabarani, na kwenye tasnifu anaandika kwamba aliviteua kwa sababu za kitaaluma. Ni vile vile vya barabarani kila mara. Watu wake wamehojiwa mpaka wanajua dodoso kuliko mhojaji.

Kabla ya vijiji kuna barua. Chuo kinakuandikia kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, pale Tanga. Mkoa unakuandikia kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Wilaya kwa mtendaji wa kata. Kata kwa mtendaji wa kijiji. Kila mmoja anabaki na nakala, anagonga muhuri. Wapo wanaoulalamikia utaratibu huu. Mimi naona mlolongo huo ni njia iliyokwisha kuchongwa, ila tunaipita upande mmoja tu. Barua inashuka ngazi zote tano ikiomba ruhusa ya kuchukua. Hakuna barua inayopanda au kushuka ikileta kilichopatikana. TCU na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, wangeweka sharti moja, kwamba hakuna kuvishwa joho mpaka muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi uwe umepokelewa na kugongwa muhuri na mtendaji yule yule aliyekupokea, gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ya kukodi joho lenyewe.

Nasema Kiswahili kwa makusudi. Historia ya watawala wa Usambaa, ambao habari zao zinagusa Mazinde na bonde lote la Korogwe, iliandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa na wamisionari wa Magila, hapo Muheza. Wanahistoria wa vyuo vikubwa vya Marekani wamekitegemea katika tasnifu zao. Mwandishi wake hakuwa na shahada yoyote. Leo mwanafunzi wa Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaweza kuandika tasnifu yake ya uzamivu kwa Kiswahili, lakini wa kilimo, afya au historia anaandika Kiingereza, hata kama kila neno alilolikusanya aliambiwa kwa Kiswahili au Kizigua. Katika safari hiyo ya lugha mengi hudondoka. Neno kuhemea, kwa mfano: kutoka nyumbani wakati wa njaa na kwenda mbali kutafuta chakula kwa kununua, kwa kibarua au kwa kubadilishana. Mwaka mzima nilihangaika na neno hilo. Nililitafsiri kuwa kununua chakula, na mtahini akauliza basi njaa iko wapi.

Nilipomaliza, niliandika muhtasari. Hakuna aliyenidai. Nilitoa nakala thelathini kwenye steshenari moja ya Korogwe, karibu na stendi, nikapanda gari la asubuhi kwenda Handeni, na kutoka hapo bodaboda hadi kwenye kijiji ambacho nilikaa muda mrefu kuliko vingine. Mtendaji alikuwa amehamishwa. Mpya alinipokea vizuri, akashangaa kidogo, akagonga muhuri nakala moja kwa ajili ya faili.

Mzee niliyemhoji mara nyingi zaidi nilimkuta barazani kwake, anapukuchua mahindi. "Karibu mgosi," akasema, "nilijua mmeshasahau." Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akamwita mjukuu wake wa kidato cha pili asome kwa sauti. Binti alisoma pole pole. Mzee aliendelea na mahindi yake, kichwa kimeinama, kama mtu asiyesikiliza. Ukurasa wa nne, pale nilipoandika kwamba mwaka wa njaa kubwa ya utoto wake watu wa kitongoji kile walihemea Pangani, mkono ukasimama.

"Rudia hapo."

Binti akarudia.

"Siyo Pangani. Pangani walikwenda wa ng'ambo ya kijito. Sisi tulikwenda Korogwe, kwenye mkonge. Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo. Akaita kutoka nyumba ya pili bibi mmoja anayemzidi umri, ili naye aulizwe bila kuambiwa yeye amejibu nini.